Honi Tatu za Pikapu Nyeupe
Sehemu ya Tisa

Pikapu nyeupe ilisogea.

Hapo ndipo tulipokatia wiki iliyopita, na najua wapo waliolala vibaya. Basi tusicheleweshane. Ilisogea bila dereva, bila mlio hata wa kukohoa, na mbele yake Mama Maziwa alikuwa ameinama akifuta namba za gari lake jipya kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwani.

"Mama! Toka hapo! Toka!"

Aliyepiga kelele ni Fundi Mkuu, baba yake Binti Honi, yule anayehudumia wateja wa uwanja huu wa magari. Alikuwa kwenye mlango wa gereji, ndoo ya kuoshea magari bado mkononi. Mama Maziwa aliinua kichwa amwone anayeitwa. Hakujua ni yeye. Nani angejua? Gari la dizeli likikujia unalisikia tumboni kabla hujaliona. Hili lilikuja kama paka.

Hatua moja. Hatua mbili. Hatua ya tatu.

Likasimama lenyewe. Lakini hatua ya tatu ilikuwa imekwisha kumkuta, na mguu wake wa kulia ulikuwa katikati ya bampa na nguzo ya zege yenye mistari myeusi na ya njano.

Ndoo ilianguka. Maji ya sabuni yakatambaa uwanja mzima.

Fundi alikimbia kwa magoti yake mabovu, akapanda kwenye usukani, akalirudisha gari nyuma. Mama Maziwa akateleza polepole mpaka chini, mgongo kwenye nguzo, macho yamemtoka.

"Mguu wangu uko wapi?"

"Upo, mama. Usiutazame."

"Na maziwa? Nani atawapelekea watu maziwa kesho?"

"Wacha maziwa, mama."

"Wewe unanywa chai kavu, ndiyo maana unasema wacha maziwa!"

Alisema hivyo, ndugu zangu, huku damu ikilowesha kiatu. Mwanamke huyo ameuza maziwa miaka kumi na tisa kwa mkokoteni, na asubuhi hiyo ndiyo alikuwa amepata pikapu ya umeme. Alikuwa nayo kwa dakika ishirini tu.

Binti Honi alitoka ofisini mbio, faili la karatasi za Mama Maziwa likamwagika mlangoni. Alivua shuka lililofunika meza ya maonyesho, akalipasua, akafunga mguu juu ya goti kama alivyomwona mkunga wa mtaani kwao akifanya.

"Tumpeleke na nini?" aliuliza mume wa mgonjwa. Huyu ni mtu mfupi wa maneno machache. Soko zima humwita Baba Maziwa, ingawa anaogopa ng'ombe.

Watu walitazamana. Kwenye uwanja ule, gari lililokuwa na chaji ya kutosha lilikuwa moja tu.

Lile lile.

Wakamlaza kiti cha nyuma. Gari lililomvunja likambeba. Baba Maziwa alipokea kadi ya kufungulia kutoka kwa Binti Honi, akaishika kama mtu aliyepewa nyoka, akaondoka kuelekea zahanati.

Na hapo macho yote yakamgeukia Fundi.

"Mzee ndiye aliyeliegesha," alisema mlinzi wa lango.

"Kasahau kuzima."

"Atajuaje kama limezima? Halisikiki!"

"Wazee na mambo ya umeme wapi na wapi?"

Fundi aliinama akaokota ndoo.

*

Saa saba mchana aliingia Bwana Tableti.

Kwa aliyetukuta njiani: huyu ni mtu wa makao makuu ya Kampuni yenye magari haya ya umeme, kijana wa viatu vyeupe, ambaye tangu aanze kuja hapo hakuna aliyewahi kumwona bila kile kibao chake cha kioo. Husalimia akikitazama. Hula akikitazama. Mlinzi husema siku moja ataoa akikitazama, na bibi harusi atakuwa amebadilishwa asijue.

Ndiye aliyeleta utaratibu mpya. Zamani uwanja huu uliuza pikapu za dizeli. Mnunuzi alikuja na ndugu zake watatu, wakafungua boneti, wakasikiliza injini, wakapiga tairi mateke, wakabishana, wakanywa soda. Wakikubaliana, Binti Honi aliingia kwenye gari akapiga honi tatu, na barabara nzima ikajua kuna mtu leo kapata chombo. Alianza kupiga honi hizo akiwa na miaka saba, kwenye mapaja ya baba yake. Jina la kuzaliwa wengi wamelisahau.

Sasa pikapu za umeme haziuzwi na mtu. Zinauzwa na simu. Mnunuzi anajiandikisha kwenye simu yake, anachagua rangi kwenye simu, gari linaletwa, na ufunguo wake ni simu hiyo hiyo. Binti Honi alipewa fulana mpya yenye neno moja mgongoni: MUULIZE. Kuuza, hapana. Kueleza tu.

"Simu moja, mtu mmoja, gari moja," Bwana Tableti aliwaambia siku ile ya kwanza. "Atakayemnunulia mtu mwingine kwa simu yake, kazi hana."

Huo ndio utaratibu. Uwekeni akilini.

Mchana huo aliketi kwenye kiti cha Binti Honi bila kuomba, akamwita Fundi, akamwacha amesimama.

"Mzee, gari halina kosa. Hapa inaonyesha lilikuwa limewaka, limeingia gia ya mbele. Mtu wa mwisho kuketi kwenye usukani ni wewe."

"Nililizima, mwanangu."

"Una uhakika?"

"Nilibonyeza kile kidude."

"Ulisikia likizima?"

"Lile halisikiki."

"Basi." Kijana alisukuma karatasi mezani. "Hapa unakubali kwamba uliliacha likiwa limewaka. Mpaka saa tisa uwe umetia sahihi. Ukitia, Kampuni itawaambia polisi ni uzee, ni bahati mbaya. Usipotia, tutawaambia ni uzembe. Chagua."

"Na kazi?"

"Kazi gani, mzee? Haya magari hayana injini."

Hilo alilisema bila kuinua macho.

*

Binti Honi alimkuta baba yake gerejini, ameketi juu ya tairi. Ukutani kulikuwa na ubao wa spana, kila spana na kivuli chake kilichochorwa kwa rangi nyekundu ili irudi mahali pake. Siku hizi vivuli vilikuwa vingi kuliko spana.

"Baba, ulilizima au hukulizima?"

"Nimeshasema nilibonyeza."

"Kwa hiyo ulilizima."

"Mwanangu, miaka thelathini na mmoja nasikiliza injini. Nikiwa nimefumba macho nakwambia pistoni ipi inalia. Hili nilisikilize nini? Friji ya mama yako ina kelele kulishinda."

"Usitie sahihi kitu usichokijua."

"Mtu lazima awe amekosea. Mguu wa mama wa watu haukujivunja."

"Watakupeleka polisi!"

"Nitakwenda. Nasikia gari lao limekufa klachi tangu mwaka juzi. Wataniandalia godoro."

Alicheka peke yake. Binti yake hakucheka.

Simu ya Binti Honi iliita. Alikuwa Baba Maziwa, na safari hii maneno yake hayakuwa machache.

"Shemeji, zahanati wameshindwa. Mfupa umevunjika mara mbili, mguu unaanza kuwa wa baridi. Wanasema twende hospitali kuu, ng'ambo ya reli, na twende sasa hivi. Usipofanyiwa kazi leo wataukata. Gari la wagonjwa halina tairi, liko juu ya matofali. Nitampeleka na hili hili. Chaji inatosha?"

"Inatosha, shemeji. Nenda. Usikimbize."

"Mwenyewe anasema nikimbize."

Kwa nyuma ilisikika sauti nyembamba ya mwanamke: "Mwambie lina kiti kizuri!"

Simu ikakatika. Binti Honi alisimama akiitazama, na sijui ni nini kilichomfanya asiirudishe mfukoni. Labda ni ile saa iliyoandikwa juu ya kioo. Alikumbuka saa nyingine. Kwenye kibao cha Bwana Tableti, alipopita nyuma yake kuchukua koti, aliona mstari: gari limesogea saa nne na dakika kumi na mbili.

Saa nne na dakika kumi na mbili yeye alikuwa wapi?

Alikuwa mezani kwake, nyuma ya kioo cha ofisi. Alikuwa amemaliza kumwandikisha Mama Maziwa. Na alikuwa akifanya jambo ambalo hulifanya kila gari likipata mwenyewe.

Alikuwa akipiga honi tatu.

Siku hizi haingii garini. Honi ipo ndani ya simu: kitufe chenye picha ya tarumbeta, chini upande wa kulia. Alibonyeza kwa kidole gumba, akiwa amegeuza uso anatafuta karatasi ya namba. Moja, mbili, tatu. Hakusikia honi. Akasema moyoni, mtandao huu nao, akatia simu mfukoni.

Sasa aliifungua tena.

Tarumbeta haikuwa upande wa kulia. Ilikuwa kushoto. Programu ilikuwa imejibadilisha usiku, kama inavyojibadilisha kila inapojisikia. Upande wa kulia, mahali pa tarumbeta, kulikuwa na mshale mdogo wa kijani, na chini yake neno moja.

SOGEA.

Ni kitufe cha kulitoa gari mahali palipobana. Ukibonyeza mara moja, linasogea hatua moja mbele. Binti Honi alibonyeza mara tatu.

Alishika ubao wa spana, spana mbili zikaanguka.

"Nini?" aliuliza baba yake.

"Kizunguzungu tu."

Alikwenda kwenye bomba la nje, akanawa mikono. Akanawa tena. Nani alijua? Hakuna. Bwana Tableti alikuwa ameshapata mkosaji, hakuwa na haja ya kufungua ukurasa wa pili wa kibao chake. Angenyamaza, ingekuwa uzee wa baba. Angesema, yasingekuwa ya mguu peke yake.

Maana gari la Mama Maziwa halikuandikishwa kwa jina la Mama Maziwa.

Mama Maziwa ana simu ya vitufe, ile ya tochi. Kwa utaratibu wa Kampuni, mwenye simu ya tochi hanunui pikapu hata awe na mizigo ya nchi nzima. Binti Honi aliona ni uonevu. Kwa hiyo alimwandikisha kwa simu yake mwenyewe, akatoa kadi ya akiba ya kufungulia, mambo yakaisha. Kabla yake alishamfanyia hivyo seremala mmoja. Na mchota maji. Na mzee wa matofali. Na wengine, mpaka wote pamoja na Mama Maziwa wakawa kumi na mmoja. Kwenye programu alijaza kwamba ni ushirika wa usafirishaji, ushirika usio na mwanachama hata mmoja ila yeye na kidole chake.

Kila mmoja wao alimhubiria maneno yale yale, kwa sauti yake ile ya kuuzia:

"Na hili haliibiki! Mwizi akiligusa, Kampuni inalifunga huko huko iliko. Likisimama tu haliondoki. Milango inajikaza, vioo vyake havivunjwi kwa nyundo. Mwizi atakaa humo ndani kama panya kwenye mtego mpaka polisi wamkute!"

Na watu walicheka, wakapenda, wakachukua.

Saa ya ukutani ikagonga saa tisa. Binti Honi alifunga bomba. Alipogeuka, tairi lilikuwa tupu. Baba yake hakuwepo.

*

Alimkuta ofisini, kalamu mkononi, miwani imeteremka puani. Karatasi ilikuwa mbele yake. Herufi mbili za kwanza za jina lake zilikuwa zimeshaandikwa.

"Baba, weka kalamu chini."

"Toka nje, mwanangu."

"Nasema iweke!"

"Na mimi nasema toka. Tangu lini unaniamrisha?"

Bwana Tableti alitazama saa kwenye kibao chake. "Dada, mzee anamalizia. Mambo ya familia mtayaongea nyumbani."

Binti Honi alimnyang'anya baba yake kalamu. Wino ukachora mstari mrefu juu ya karatasi, kama mkia wa mjusi.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Nilitaka kupiga honi, nikabonyeza sogea. Mara tatu. Fungua ukurasa wa pili wa hicho kioo chako utaona."

Kwa mara ya kwanza tangu tumjue, Bwana Tableti aliinua macho.

Kisha akafungua ukurasa wa pili.

Feni ya darini ilizunguka na ule mguno wake wa kila siku. Fundi alivua miwani, akaikunja.

"Mbona umesema?" aliuliza taratibu.

Binti yake alimgeukia. Hakulia, alishangaa. "Baba. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuona kupitia kioo. Kidole kilikwenda mara tatu, na gari likaenda mara tatu. Nilijua kabla ndoo haijafika chini."

"Na yale ya friji? Ya kwamba huwezi kusikia?"

"Nililizima lile gari. Nilibonyeza, taa zikafa, nikashika boneti. Miaka thelathini na mmoja, unadhani nitaliacha gari kabla ya kujua limelala?" Alipangusa uso kwa mkono wenye grisi. "Mimi nimeshamaliza. Wewe una watoto. Nilitaka likae kwangu."

"Likae kwako, na mimi nikutazame vipi?"

"Ungezoea."

"Nisingezoea, baba!"

Laiti hadithi ingeishia hapo, baba na binti wakashikana mikono, tungefunga gazeti twende zetu jikoni. Lakini Bwana Tableti alikuwa bado anasoma, robo saa nzima sasa, na kadiri alivyosoma ndivyo shingo yake ilivyozidi kurefuka.

"Dada. Hii namba ya simu ina magari kumi na moja."

Alihesabu tena kwa ncha ya kidole.

"Kumi na moja! Ushirika gani huu? Viongozi wake wako wapi?"

"Ni watu wa kweli," alisema Binti Honi. "Wananunua, wanalipa, wanabeba mizigo yao. Hawana simu za kioo tu."

"Utaratibu ulisemaje?"

"Utaratibu wenu haujawahi kumwona mtu anayeuza maziwa."

"Hilo utawaambia makao makuu." Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kazi. Gonga, gonga, telezesha. "Mimi naifunga hii namba sasa hivi."

Fundi ndiye aliyeshtuka kwanza. "Ukiifunga namba, magari yanakuwaje?"

"Yanafungwa, mzee. Ndiyo maana ya kufunga."

"Subiri!" Binti Honi aliruka. "Mama Maziwa yumo ndani ya..."

Gonga.

Kibao kililia mlio mdogo mzuri, kama kengele ya baiskeli ya mtoto.

"Imekwisha," alisema Bwana Tableti.

*

Simu ya Binti Honi ilikaa kimya kwa muda wa kuhesabu mpaka hamsini. Kisha ikaanza.

Kwanza seremala: gari limezima mbele ya duka la misumari. Kisha mchota maji: mapipa yake yote yako juu, yeye yuko ndani, mlango haufunguki, kulikoni? Binti Honi alimwambia subiri, akakata. Kisha ikaita namba ambayo hakutaka iite.

"Shemeji!" Baba Maziwa alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake kulikuwa na makelele mengine, ngumi juu ya kioo, watu wengi. "Shemeji, limezima! Kulikuwa na lori mbele yetu, nikasimama kidogo tu. Lori limeondoka, mimi siondoki!"

"Uko wapi?"

"Juu ya reli."

Binti Honi aliweka simu mezani ili wote wasikie.

"Watu wanasukuma, tairi zimekaza! Milango haifunguki! Kuna jamaa ana jiwe, anapiga kioo, jiwe ndilo linalovunjika! Shemeji, uliniambia mwizi hatatoka. Mimi si mwizi!"

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na tano. Gereji yake ilikuwa karibu na ile njia ya reli, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifunga spana zake za mchana kwa kuisikia treni ya mizigo ikipita kivukoni.

"Saa tisa u nusu," alisema. "Haijawahi kuchelewa kwa sababu haibebi watu."

"Fungua!" Binti Honi alimshika Bwana Tableti kola. "Fungua sasa hivi!"

"Mimi nina uwezo wa kufunga tu!" Kijana alikuwa amegeuka rangi ya viatu vyake. "Kufungua ni makao makuu! Nawapigia, nawapigia!"

Kibao kilijibu kwa sauti tamu ya mwanamke aliyerekodiwa: "Asante kwa kuchagua gari la kesho. Wewe ni mteja wa kumi na saba kwenye foleni. Tafadhali subiri." Ukafuata wimbo.

"Kata hiyo!" alinguruma Fundi.

Alichukua simu ya binti yake, akaisogeza mbali na macho yake, akakunja uso. Kwenye picha ya pikapu nyeupe vitufe vyote vilikuwa vimekufa, kijivu kama majivu. Taa, mlango, kiti, breki. Vyote isipokuwa viwili.

"Hivi mbona vinawaka?"

Bwana Tableti alichungulia. "Hivyo huachwa kwa ajili ya watu wa kukokota gari. Wanalipata kwa honi, wanalitoa kwa..."

Kushoto, tarumbeta. Kulia, mshale wa kijani.

Binti Honi alirudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo ukagusa kabati la mafaili. "Hapana, baba. Si hicho tena."

"Linasogea mbele tu?"

"Mbele tu. Mimi silioni! Sijui mbele yake kuna nani!"

"Shemeji!" simu ilipiga kelele. "Mbele wamejaa watu! Wamama, wanafunzi, wanavuta bampa!"

"Waambie wapishe!"

"Hawanisikii! Sauti yangu haivuki vioo hivi, na wao wanapiga kelele!"

Na hilo pia, ndugu zangu, alilisifia Binti Honi mwenyewe wakati wa kuuza. Ukifunga vioo, mama, utadhani uko chumbani kwako.

Kisha ikaja sauti nyingine kwenye simu, nyembamba, ya mtu aliyelala kiti cha nyuma akiwa ameuma meno. Ilisema polepole, kama anayemwelekeza mtu dukani.

"Binti Honi."

"Naam, mama."

"Asubuhi sikusikia honi zangu."

Binti Honi alifumba macho.

"Wenzangu wote uliwapigia. Mimi ulininyima. Nipigie sasa, watu hawa wasikie, watoke hapo mbele. Halafu ubonyeze hicho kingine. Mara ngapi kinatosha?"

"Kutoka relini..." Fundi alihesabu kwa vidole. "Hatua sita. Saba."

"Basi saba. Mguu umeshavunjika, mwanangu, hauwezi kuvunjika zaidi. Bonyeza."

Saa tisa na dakika ishirini na nane.

Fundi alimpa binti yake simu. Alisimama tu nyuma yake, karibu, kama zamani alipokuwa akimweka mapajani ili afikie usukani.

Binti Honi aliinua kidole gumba. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama tena kushoto. Tarumbeta. Akahakikisha mara ya tatu. Akabonyeza.

Honi moja. Waliisikia kupitia simu, kali, ikakata makelele.

Honi mbili. Watu walipiga yowe, Baba Maziwa akasema wanakimbia.

Honi tatu.

Akahamisha kidole juu ya mshale wa kijani. Na kabla hakijagusa, kutoka kwenye ile simu, mbali kidogo kwenye reli, nzito, ndefu, ikaja honi ya nne.

Yeye alikuwa amebonyeza tatu tu.